Wito wa MAYDAY Unaosikika na Kueleweka: Mwongozo Kamili wa Kuomba Msaada Baharini

Wito wa dhiki usioleta msaada mara nyingi hauharibiwi na redio mbovu, bali na mpangilio wa maneno. Aliyeshika redio anaanza kusimulia jinsi injini ilivyozima, maji yalivyoanza kuingia na nani alikuwa kwenye usukani, na mahali kilipo chombo anapataja mwishoni kabisa au hapataji. Katika mazoezi ninayosimamia nalisikia kosa hili kila mara, hata kutoka kwa manahodha wenye miaka mingi baharini, na ndiyo maana nimeamua kuandika hatua zote kwa urefu, pamoja na sababu ya kila moja.

Mwokoaji akijua mahali ulipo na asijue chochote kingine, atakuja. Akijua kila kitu isipokuwa mahali ulipo, hana pa kwenda. Hatua nyingi zinazofuata zinatokana na ukweli huo.

## Vifaa vinavyohitajika

Vifaa hivi viwe ndani ya chombo, vikiwa vimekaguliwa, kabla ya kung'oa nanga.

- Redio ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya karibu baharini, iliyofungwa kwenye chombo, yenye nguvu ya wati 25, na antena iliyowekwa juu kadiri inavyowezekana.
- Redio ya VHF ya mkononi isiyoingia maji, betri ikiwa imejaa. Nguvu yake ni wati 5 au 6 hivi, kwa hiyo ichukuliwe kuwa ya akiba.
- Kifaa cha GPS kinachoonyesha latitudo na longitudo, pamoja na kalamu ya risasi na karatasi. Kalamu ya wino hugoma karatasi ikilowa.
- Namba ya MMSI yenye tarakimu tisa, inayotambulisha chombo chako redioni, iliyotolewa na mamlaka husika na kuingizwa ndani ya redio.
- Boya la redio la dharura, linalojulikana kwa herufi EPIRB, linalotuma kwenye masafa ya 406 MHz na lililosajiliwa kwa jina la chombo chako.
- Fataki nyekundu za mkononi, roketi za mwavuli, moshi wa rangi ya machungwa, kioo cha ishara, tochi na filimbi.
- Kadi ya wito, ambayo utaiandika katika hatua ya 1.

Simu ya mkononi haimo katika orodha hii kwa makusudi. Ukiwa karibu na nchi kavu inaweza kukusaidia, na kama ndicho kifaa pekee ulicho nacho, itumie bila kusita. Lakini simu inasikiwa na mtu mmoja tu uliyempigia, ilhali wito wa redio unasikiwa na kila chombo kilicho jirani, na chombo kilicho jirani ndicho mara nyingi kinachofika kwanza.

## Redio ya VHF inafika umbali gani

Mawimbi ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, hivyo mviringo wa dunia ndio unaoyazuia, na urefu wa antena una uzito kuliko wati. Kwa makadirio, chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.2, nawe utapata umbali kwa maili za baharini. Fanya hivyo kwa antena yako na kwa antena ya anayekusikiliza, kisha jumlisha.

Antena iliyo mita 4 juu ya maji inatoa maili 4.4, na ya meli kubwa iliyo mita 25 juu inatoa maili 11, kwa hiyo mtasikilizana katika umbali wa maili 15 hivi. Watu wawili walioketi katika maboti ya mpira wakiwa na redio za mkononi, kila moja mita 1 juu ya maji, wana maili 4 na ushei tu. Kwa hiyo ukitumia redio ya mkononi, simama ikiwa ni salama, na inua antena iwe wima.

Anayekwenda mbali zaidi ya hapo anahitaji redio ya masafa ya kati, ambako wito wa sauti hutolewa kwenye 2182 kHz, au ya masafa mafupi, au simu ya setilaiti. Mpangilio wa maneno ni uleule.

## Hatua ya 1: Andika kadi ukiwa bado bandarini

Hofu inafuta kumbukumbu. Mtu anayejua jina la chombo chake kama anavyojua la mwanawe anaweza kulikosea maji yanapofika magotini. Isitoshe, huenda anayepiga wito si nahodha. Huenda nahodha ndiye aliyeanguka baharini, na redio ikabaki mikononi mwa abiria ambaye hajawahi kuigusa.

Andika kwa herufi kubwa, funika kadi kwa plastiki, na uibandike kando ya redio. Iwe na jina la chombo, alama ya wito iliyo kwenye leseni ya redio, namba ya MMSI, rangi na urefu wa chombo, na maneno kamili ya wito ukiacha nafasi wazi pa kujaza mahali, tatizo na idadi ya watu. Jina likiwa gumu kwa masikio ya wageni, liandike pia kwa herufi za kimataifa za redio: Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea.

Andika kadi katika lugha mbili. Walio karibu wakielewa Kiswahili, tumia Kiswahili. Lakini meli za kimataifa huwasiliana kwa Kiingereza, na wakati wa kutafuta tafsiri ya "tunazama" si huo. Neno MAYDAY, linalotamkwa meidei, halibadiliki kwa lugha yoyote.

Utajua kadi ni nzuri pale mtu asiyejua lolote kuhusu chombo atakapoisoma kutoka juu hadi chini bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Amua kama ni dhiki au ni haraka

MAYDAY ni kwa hatari kubwa iliyo karibu, inayotishia chombo au uhai wa mtu, na inayohitaji msaada papo hapo: chombo kinazama, kinaungua, kinasukumwa kwenye miamba, au mtu ameanguka baharini na huwezi kumpata.

Injini ikizima katika bahari tulivu na mkiwa mbali na miamba, tumia PAN-PAN, yaani wito wa haraka, unaotamkwa mara tatu kama MAYDAY. Kituo cha pwani kitakufuatilia bila kusimamisha shughuli zote za redio.

Ukiwa na shaka ya kweli, au hali inabadilika kuwa mbaya, toa MAYDAY. Wito unaweza kushushwa daraja baadaye. Muda uliopotea haurudi. Nimeona watu wakisitasita kwa kuona haya, wakingoja waone kama kufua maji kutatosha, na wanapokata shauri betri imeshafunikwa na maji. Mpe mtu mmoja kazi ya redio na wengine waendelee kufua.

Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha sasa, kabla ya neno la kwanza.

## Hatua ya 3: Soma mahali ulipo, na usome sawasawa

Hapa ndipo penye makosa mengi, na makosa yenyewe ni madogo kwa macho.

Chukulia skrini ya GPS inaonyesha 12.15. Mwenye haraka anasema "digrii kumi na mbili, dakika kumi na tano." Lakini nambari hiyo ni digrii kwa desimali, na sehemu ya 0.15 ya digrii ni dakika 9, maana digrii moja ina dakika 60. Mahali sahihi ni digrii 12 dakika 9. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, kwa hiyo mtu huyo amewatuma waokoaji maili 6 mbali naye, zaidi ya kilomita 11. Kutoka hapo kichwa cha mtu majini hakionekani hata kwa darubini.

Tiba yake ni kuiweka GPS ionyeshe digrii na dakika zenye desimali tangu bandarini, na kuiacha hivyo. Redio nyingi na chati za baharini hutumia mfumo huo.

Andika nambari kwenye karatasi kwanza, kisha zisome kutoka kwenye karatasi, kwa sababu za skrini hubadilika chombo kinapoelea. Soma tarakimu moja moja. Latitudo hutangulia, ikifuatwa na kaskazini au kusini. Longitudo hufuata, ikimalizika kwa mashariki au magharibi. Usiache maneno hayo ukidhani yanajulikana.

GPS ikiwa imekufa, toa mwelekeo na umbali kutoka mahali panapojulikana na palipo kwenye chati: "maili tano kusini mwa mnara wa taa wa" fulani. Sema wewe uko upande gani wa mnara, si mnara uko upande gani wako. Majina ya mitaani ya miamba na maeneo ya kuvulia, ambayo wavuvi wa kijiji kimoja tu wanayajua, hayamsaidii nahodha wa meli inayopita.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Ukisema "tulikuwa hapo saa nane na nusu," ukimaanisha mchana, asiyefuata hesabu yetu ataandika 0830 badala ya 1430, na atakokotoa mkondo uliokusukuma kwa saa sita zaidi au pungufu. Soma saa kama tarakimu nne, "moja, nne, tatu, sifuri," na useme kama ni saa za mahali ulipo au ni UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia.

## Hatua ya 4: Bonyeza kitufe chekundu

Redio yenye wito wa kidijitali, yaani DSC, ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Inua kifuniko, bonyeza na ushikilie kwa sekunde 5 hivi mpaka mlio ubadilike au skrini ionyeshe kwamba wito umetumwa. Redio itatuma MMSI yako, na mahali ulipo ikiwa imeunganishwa na GPS, kupitia chaneli 70, na itarudia yenyewe kila baada ya dakika 4 hivi hadi kituo kiitikie.

Faida yake ni kwamba kengele italia ndani ya kila chombo chenye DSC kilicho jirani, hata kama mabaharia walikuwa wamepunguza sauti ya redio. Hasara yake ni kwamba redio isiyo na MMSI wala GPS inaweza isitume chochote cha maana, na mwenye nayo asijue hadi siku ya siku. Kagua mambo hayo mawili leo. Usikague kwa kubonyeza kitufe chekundu. Redio nyingi zina menyu ya wito wa majaribio.

Subiri sekunde 15 hivi, kisha nenda hatua inayofuata hata kama hakuna aliyeitikia. Ikiwa redio yako haina kitufe hiki, anzia hatua ya 5 moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Toa wito kwa sauti kwenye chaneli 16

Hakikisha redio iko chaneli 16, ile ya dhiki na ya kuitana, na nguvu iko juu, yaani wati 25 na si wati 1. Shika maikrofoni sentimita chache kutoka mdomoni. Bonyeza kitufe cha kusemea, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uanze. Anayebonyeza na kusema kwa pamoja hukatwa neno la kwanza.

Sema polepole kiasi cha mtu kuweza kuandika, kwa sauti ya kawaida. Kelele hupasua sauti ndani ya maikrofoni na maneno hayatambuliki.

> MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY.
> Hapa ni mashua Zawadi, Zawadi, Zawadi. Alama ya wito [isome]. MMSI [tarakimu tisa].
> MAYDAY, mashua Zawadi. [Alama ya wito na MMSI tena.]
> Mahali: latitudo moja mbili digrii, sifuri tisa nukta sifuri dakika, kaskazini. Longitudo sifuri sita moja digrii, tano mbili nukta nne dakika, magharibi.
> Tunazama. Tunahitaji msaada mara moja.
> Tuko watu sita.
> Mashua nyeupe, mita tisa. Tunajiandaa kuingia boti la mpira. Tuna EPIRB na fataki.
> Ova.

Jina hurudiwa mara tatu ili anayeshtuka kwa MAYDAY ya kwanza alipate hata akikosa mawili. Mahali hutangulia tatizo kwa sababu redio inaweza kuzimika katikati ya sentensi, na kilichosemwa kabla ya hapo ndicho kitakachofanyiwa kazi. Idadi ya watu huwaambia waokoaji ni lini waache kutafuta, kwa hiyo hesabu kila roho, watoto na walioanguka majini wakiwemo.

Tatizo lielezwe kwa maneno mawili au matatu. Sababu ya kuzama haimhusu mtu yeyote kwa sasa.

Wito wote usizidi dakika moja na nusu. Ukifika kwenye "ova," yaani nimemaliza na nasubiri jibu, achia kitufe. Ukikishikilia hutasikia jibu, kwa kuwa redio hii haipokei inapotuma, na utaifunga chaneli kwa wote. Kama mkono unatetemeka, tazama kidole gumba kwa macho yako uone kwamba kimeinuka.

## Hatua ya 6: Sikiliza, andika, jibu

Aliyekusikia atataja MAYDAY, jina la chombo chako na lake, kisha atasema amepokea. Utakuwa umefanikiwa pale atakaporudia mahali ulipo na nambari zikilingana na za kwenye karatasi yako. Zisipolingana, msahihishe hapo hapo.

Kuanzia hapo fuata maelekezo ya kituo kinachoongoza, na usihame chaneli bila kuelekezwa. Ukisikia SEELONCE MAYDAY, kituo kinawanyamazisha wengine ili nyinyi msikike. Mkisukumwa na mkondo, toa mahali papya. Mkiamua kuacha chombo, sema kabla ya kuondoka kwenye redio.

## Hatua ya 7: Usipojibiwa

Kimya hakimaanishi kwamba hukusikiwa. Huenda meli imekusikia na antena yako ndiyo isiyoipata. Rudia wito mzima, si vipande vyake, kila baada ya dakika chache.

Kati ya wito na wito, kagua mambo haya kwa mpangilio: chaneli ni 16, nguvu iko juu, waya wa antena haujachomoka nyuma ya redio, na kidhibiti cha mkwaruzo, kile kinachonyamazisha sauti ya upepo wa redio, hakijafungwa mno hata kikazima sauti hafifu. Taa ya skrini ikififia kila unapobonyeza kitufe, betri inaisha. Hamia redio ya mkononi. Kama bado kimya, toa wito kwenye chaneli nyingine yoyote unayosikia watu wakizungumza. Katika dhiki hakuna chaneli iliyokatazwa.

## Hatua ya 8: Washa EPIRB na uiache ikiwaka

Usingoje redio ishindwe. Ukiwa katika hatari ya kupoteza chombo, washa EPIRB mara tu wito wa sauti unapoisha. Ishara yake ya 406 MHz hupokelewa na setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat na kupelekwa kwenye kituo cha uratibu wa uokoaji. Kituo hutazama usajili kujua chombo ni cha nani na kupiga simu nyumbani. Usajili wenye simu iliyokwisha badilishwa unawapotezea muda.

Antena yake itazame angani bila kuzuiwa na paa wala mwili wa mtu. Ifunge kwa kamba yake kwenye boti la mpira, kamwe si kwenye chombo kinachozama, la sivyo itavutwa chini nacho. Ikishawaka, usiizime ili "kuhifadhi betri," kwa kuwa betri imetengenezwa ifanye kazi saa 48 angalau, na setilaiti pamoja na waokoaji wanaikaribia ishara isiyokatika.

Jihadharini na maboya ya zamani ya 121.5 MHz yanayouzwa kwa bei ya chini. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena masafa hayo. Leo yanatumika tu na waokoaji waliokwisha karibia kumtafuta mtu kwa hatua za mwisho.

## Hatua ya 9: Fataki, kwa wakati wake

Roketi ya mwavuli hupanda hadi mita 300 na kuwaka sekunde 40. Fataki ya mkononi huwaka dakika moja tu. Usizimalize usiku wa kwanza kwa kurusha gizani bila kuona wala kusikia chombo. Roketi ni ya kumwita aliye mbali. Rusha moja, subiri dakika moja au mbili, kisha rusha ya pili ili aliyedhani ameota ahakikishe. Fataki ya mkononi na moshi wa machungwa, unaodumu dakika 3 na kufaa mchana, ni vya kumwongoza aliyekwisha kaza mwendo kuja kwako.

Ishike fataki nje ya ukingo upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ili cheche zipeperushwe mbali na boti la mpira. Helikopta ikikaribia, usirushe roketi kabisa.

## Wito ukitoka kwa makosa

Ukibonyeza kitufe chekundu bila kukusudia, usizime redio na kunyamaza, kwa sababu watu wataanza kukutafuta. Izime ili kukatisha wito usijirudie, iwashe tena, na kwenye chaneli 16 viarifu vituo vyote jina lako, MMSI yako na kwamba unafuta wito wa dhiki uliotoka kwa makosa, ukitaja saa. Kama ni EPIRB iliyowaka, izime na ukijulishe kituo cha uokoaji mara moja. Anayetoa taarifa mapema na kwa moyo safi kwa kawaida haadhibiwi.

## Ukisikia wito wa mwenzako

Acha kusema na uandike. Ipe nafasi pwani iitikie kwanza. Pakiwa kimya, itikia wewe, kisha upeleke wito mbele kwa kusema MAYDAY RELAY mara tatu, jina la chombo chako, halafu maneno ya mwenye dhiki kama yalivyo, ukiweka wazi kwamba si wewe unayezama.

## Zoezi la dakika kumi

Redio ikiwa imezimwa kabisa, mpe kadi mtu ambaye si nahodha na umwambie chombo kinazama. Mtu wa pili akae asikomwona, akiwa na karatasi tupu. Wa kwanza asome mahali kutoka kwenye GPS na atoe wito mzima kwa sauti. Wa pili aandike anachosikia bila kuuliza. Kisha wekeni karatasi hiyo kando ya skrini na mlinganishe tarakimu kwa tarakimu. Ikipishana hata moja, rudini hatua ya 3 na mrudie zoezi kabla ya kung'oa nanga.